DAFTARI LIBAKI GATINI



Kila yatokeapo maafa katika nchi yetu, huchangwa fedha, hununuliwa sanda, huundwa tume, kisha watu hurudi kazini. Hatuyabezi hayo, kwani ni wajibu wa kibinadamu. Lakini twashangaa kuwasikia baadhi ya wenzetu wakisema ati kujitayarisha kwa maafa ni kazi ya askari, wapiga mbizi na waganga, wala karani hana sehemu humo. Neno hilo twalikataa, na ushahidi tunao.

Tarehe 21 Mei, 1996, meli MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama ilipokuwa ikiikaribia Mwanza. Meli ile ilikadiriwa kuchukua abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yao ilikuwa na watu 443. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha yo yote. Zisomeni tena tarakimu hizo, ndugu, kama mzisomavyo hesabu za mwisho wa mwezi. Kabla ya kuhesabiwa hata mtu mmoja wa daraja la tatu, karatasi ilikwisha kusema kwamba meli imepita kiasi chake. Lakini meli iling'oa nanga. Na wale waliolipa nauli ndogo, hata leo hesabu yao ni ya kukisia: wengine husema waliokufa wote ni 800 na zaidi, wengine hutaja karibu 1,000. Mwenye nauli kubwa aliandikwa, mwenye nauli ndogo hakuandikwa. Hilo halikutendwa na mawimbi. Lilitendwa na desturi ya ofisi.

Miaka 22 ikapita. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko MV Nyerere, kilichotoka Bugolora siku ya gulio, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiasi chake kilikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228, waliookolewa 41. Jumlisheni wenyewe. Usiku ulipoingia, kazi ya uokoaji ilisimamishwa hadi asubuhi. Na idadi ya waliokuwamo haikuweza kujulikana upesi, maana wahudumu na vyombo vyao vya kazi walikuwa wamezama pamoja na kivuko. Mpiga mbizi basi ashuka majini bila kujua kama atafuta watu hamsini au mia mbili, na mama asimama ufukoni siku ya pili na ya tatu, asijue kama mwanawe alipanda au alilala Bugolora.

Orodha inayosafiri na abiria haina faida kwa mwokoaji. Wala tusidanganywe na mashine mpya za tikiti, kwani mashine isiyoacha hesabu nchi kavu hufa maji kama daftari la zamani.

Tutajibiwa kwamba abiria ndio wakaidi; hurukia chomboni orodha ikiisha kufungwa, na chombo ni kimoja tu, na gulio halingoji. Ni kweli. Tumewaona. Lakini mtu wa kisiwani afanyeje, ikiwa samaki wake wataoza na kivuko kingine hakipo? Kwa sababu hiyo hiyo daftari linahitajiwa zaidi. Daftari lenye kuonyesha juma baada ya juma kwamba watu mia mbili na zaidi hutaka kuvuka mahali pa 101 ni barua isiyojibika kwa wenye kugawa fedha za Serikali. Pasipo daftari, kilio cha wavukaji huitwa porojo za sokoni.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati tangu taifa hadi kijiji. Vema. Lakini kamati hukutana kwa mwaliko, na chombo hufunguliwa kamba kila asubuhi. Asubuhi hiyo aliyeko gatini ni karani mmoja na kalamu yake. Mbele yake yuko mfanyabiashara mwenye magunia, na nyuma yake yuko mkubwa anayeuliza kwa nini mapato ya leo yamepungua. Karani akifunga daftari kwenye mtu wa 101, kesho ataandikiwa barua ya kujieleza, na mwezi ujao uhamisho. Nani atamtetea?

Twataka chama hiki kimtetee. Halmashauri iamue kwamba mwanachama ye yote atakayeadhibiwa kwa kufunga daftari chombo kilipojaa, shauri lake ni la chama kizima, na barua ya kumjibia itaandikwa na katibu wetu, si na yeye peke yake chumbani kwake usiku. Pia chama kiwaombe wakubwa wa bandari na vivuko, kwa maandishi, kwamba nakala ya orodha ibaki gatini kabla ya kamba kufunguliwa. Kwamba mtoto wa mgongoni aandikwe kuwa mtu. Kwamba pasiwe na daraja lisiloandikwa. Na kwamba kando ya kila jina pawe na kijiji na jina la mtu wa kupashwa habari.

Twaomba jambo hili liwe la kwanza katika mkutano ujao, kabla ya lile la posho. Wajumbe wa matawi ya ziwani na ya pwani waje na vielelezo vya madaftari wanayoyatumia sasa, tuvitazame mezani.