Dola imeshuka, deni la lambert halijashuka

Tangu mwisho wa mwezi wa tisa 2025, wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanatuletea sisi wa sendika swali moja: kama franka yetu imepata nguvu, juu ya nini nyumba zetu zimekuwa maskini zaidi? Redio zilisema ni habari njema. Dola moja, yenye tulizoea kuibadilisha kwa karibu 2.850 FC, ilishuka kwa wiki chache na kukaribia 2.200. Kwa mwalimu au polisi anayelipwa kwa franka, kweli ni habari njema. Lakini sisi wengi tunalipwa kwa dola, ama mishahara yetu inahesabiwa kwa dola.

Tuchukue mfanyakazi wa kampuni ndogo, zile tunaita «sous-traitants», anayepata dola 350. Kwa kiwango cha zamani alikuwa anabadilisha na kupata 997.500 FC. Mwisho wa mwaka 2025, kwa 2.250, alikuwa anapata 787.500. Feza ya 210.000 imepotea, na hakuna mtu aliyemukata mshahara. Sokoni, bei ya mfuko wa bunga na ya makala haikushuka kwa mwendo ule. Mwenye nyumba anaomba dola zake zilezile, shule ya watu binafsi vilevile. Na kama deni lako dukani ni la franka, limekuwa kubwa ukiwa umelala: 300.000 FC zilikuwa dola 105, kwa 2.250 ni 133.

Kuna na mambo ya cobalt. Serikali ilifunga mlango wa kuuza inje tangu tarehe 22 mwezi wa pili 2025, na ilipoufungua tarehe 16 mwezi wa kumi, ilikuwa kwa kipimo, kila kampuni na sehemu yake. Hatuko hapa kwa kusema kama ilikuwa vizuri ama vibaya, bei ya dunia ilikuwa imeanguka na inchi ilikuwa inapoteza. Lakini mahali kazi ilipunguzwa, kitu cha kwanza kupotea ni saa za ziada na primu. Na nyumba nyingi zilikuwa zimepanga madeni yao juu ya zile primu, hapana juu ya mshahara wenyewe.

Hapo njo lambert anaingia.

Kila mtu anajua banki lambert ni nini, hata batoto wanajua. Haina ofisi, haina karatasi, haiulizi maswali. Inatoa feza leo saa kumi na mbili ya asubuhi kama mtoto anafukuzwa shuleni. Inaomba 30 juu ya 100 kwa mwezi, wengine wanaomba 50. Mwezi wa kumi 2025, Banque Centrale ilishusha kiwango chake toka 25% mpaka 17,5%, na hiyo ni kwa mwaka muzima. Lambert anachukua kwa mwezi mmoja zaidi ya ile Banque Centrale inaomba kwa mwaka. Na hakushusha kitu.

Tuangalie vile deni lile linafanya kazi, maana wengi wanalilipa bila kulihesabu. Mtu anakopa dola 100 mwanzo wa mwezi wa tisa, kwa ajili ya masomo. Mwisho wa mwezi hana 130 za kurudisha, anatoa 30 tu, na lambert anakubali na anacheka naye vizuri. Mwezi wa kumi, 30. Mwezi wa kumi na moja, 30. Mwezi wa kumi na mbili ukiisha atakuwa ametoa dola 120, na deni bado ni dola 100. Lambert hataki ulipe mtaji. Mtaji ukirudi, kazi yake imekwisha kwako. Ndiyo sababu wengine wanashika karti yako ya banki pamoja na code yake: mshahara ukiingia, yeye anafika kwenye mashine mbele yako.

Tuliandika na mama mmoja, kwa kaye, matumizi ya nyumba ya zile dola 350. Nyumba ya kupanga 80. Chakula 130. Makala, maji na umeme 25. Transpo ya baba 25. Masomo 40. Telefone, kanisa, msiba wa jirani, 20. Na lambert 30. Jumla ni 350. Hakuna hata dola moja ya kuua mtaji, na hakuna pombe katika hesabu hii. Wakubwa wengine wa kampuni wanapenda kusema mfanyakazi anakopa juu ya chupa za Simba. Wako wenye kunywa, tunawajua, na wake zao wanatuletea majina. Lakini nyumba hii ya kaye haikunywa kitu na iko vilevile ndani ya shimo.

Sasa, wale wanaofundisha watu kupanga feza wanasema: punguza, weka akiba kidogokidogo, kiisha ulipe deni. Kwa deni la banki ya kweli, pengine. Kwa lambert, hapana. Ukiweka dola 10 kila mwezi, utafikisha 100 nyuma ya miezi kumi, na kwa ile miezi kumi utakuwa umemupa lambert 300. Hesabu inakataa. Mtaji wa lambert unakufa mara moja, ama haufi.

Ile feza ya mara moja itatoka wapi? Tunayo tayari mikononi, tunaitumia kwa kununua viti na masufuria: likelemba. Tuchukue watu watano wa timu moja, kila mmoja anatoa dola 30 kwa mwezi. Chungu ni 150. Kwa desturi tunapiga kura nani apokee wa kwanza, ama anapokea mkubwa. Tunasema desturi ile ibadilike: wa kwanza awe yule mwenye deni la lambert. Mwezi ule, zile dola 30 za lambert katika kaye zinaenda kwa likelemba. Anapokea 150. Anamulipa lambert mtaji 100 na faida ya mwezi 30, anabaki na 20, zinaingia kwa bunga. Miezi inne inayofuata anaendelea kutoa zilezile 30, lakini kwa wenzake. Mwezi wa sita, zile 30 ni zake. Hakuongeza hata dola moja juu ya matumizi yake, na batoto hawakukosa bukari hata siku moja. Kilichobadilika ni mlango wenye feza inapitia.

Watu wanatuambia: akipokea wa kwanza, atakimbia. Woga ule uko na maana, wako waliokimbia. Kwa hiyo wawe watu wachache, watano ama sita, wa timu moja, wenye wake zao wanajuana na wanajua nyumba ya kila mtu. Iandikwe kwa kaye, kila mmoja atie mkono. Na tuangalie kontra: mwenye kontra ya miezi mitatu asiingie katika likelemba ya miezi sita kama wa kwanza, maana kontra ikikatwa wenzake watalia. Yeye apokee wa mwisho, ama atafute kundi dogo la miezi mitatu. Deni likiwa dola 400 ao 500, likelemba moja haitoshi. Pale ni kugawanya: uulize kwanza mwenye deni kama anapokea mtaji nusu, na wengi wanakubali wakiona feza mezani, kuliko kupoteza yote.

Mbele ya likelemba, iko kazi ya kaye moja tu nyumbani, na inaomba watu wawili. Bwana analeta karatasi ya mshahara, anaiweka mezani. Tunajua wengi wanaificha. Wanasema mama akiona primu ataitumia. Sisi tunaona kinyume: mama asiyejua mshahara anapanga nyumba kwa kubahatisha, na akikosa anakopa kwa siri, bunga kwa duka, feza kwa mama wa soko. Mwisho nyumba iko na lambert wawili, mmoja wa baba na mmoja wa mama, na kila mmoja anafikiri ni wake tu. Basi yote yaandikwe. Nani anatudai, ngapi, kwa dola ao kwa franka, na je deni linakuwa kila mwezi? Lile la shemeji halikui. Linaleta haya, ni kweli, lakini halikui. Aende aambiwe kwa heshima: tutakulipa mwezi wa nne. Wengi wanafanya kinyume, wanamulipa shemeji juu ya haya na wanamuacha lambert akule.

Na ndani ya ile kaye mtaona madeni yasiyokuwa yenu. Deni la hospitali njo la kwanza. Code ya kazi ya 2002 inamupa mwajiri mzigo wa matunzo ya mfanyakazi na jamaa yake, muke na batoto. Sheria haikusema wa kampuni kubwa tu. Lakini katika zile kampuni ndogo, tunakuta baba amekopa dola 200 kwa lambert juu ya mama kupasuliwa wakati wa kuzaa. Deni kama lile lisilipwe kimya. Leteni karatasi ya hospitali kwa délégué, na nakala mushike nyumbani. Hatushindi kila mara, na inachukua miezi, lakini bila karatasi hatuwezi hata kuanza.

Vilevile na kukata mshahara. Wako wanaoona nusu ya mshahara imekatwa juu ya avance ama deni, na wanafikiri ndivyo sheria ilivyo. Code ileile iliweka mpaka kwa sehemu ya mshahara yenye inaweza kukamatwa kwa ajili ya deni: moja ya tano kwa mishahara midogo, na moja ya tatu kwa kile kinachozidi. Lambert mwenye kushika karti yako anakula zaidi ya ile korti ingemuruhusu.

Juu ya masomo tutasema kitu chenye hata wenzetu wa sendika hawapendi. Masomo ya primaire katika shule za serikali ni ya bure tangu 2019. Tunajua madarasa yamejaa, tunajua uniforme na kaye bado ni feza. Lakini nyumba yenye kulipa lambert 30 kila mwezi ili mtoto wa mwaka wa pili abaki shule ya kulipa, haisomeshi mtoto, inasomesha batoto wa lambert. Mwaka mmoja shule ya serikali, deni life, kiisha mutaangalia. Kwa wa sekondari hatusemi vile, kule hakuna bure.

Wazee wa Gécamines watatuambia: wakati wetu hakukuwa na mambo haya. Kweli, kampuni ilitoa bunga, nyumba, hospitali na shule, na mshahara mdogo ulikuwa mkubwa. Kiisha mishahara ikakosa kwa miezi na miezi, na mwaka 2003, kwa feza ya Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakaondoka katika ile iliitwa «départs volontaires». Kwa wengi feza ya kuondoka ilifika ikiwa na wenyewe tayari: duka, mwenye nyumba, shule. Waliopata kuanza shamba ao biashara ni wale ambao deni halikula kwanza.

Hatusemi kaye na likelemba vinachukua nafasi ya mshahara. SMIG, yenye ilibaki 7.075 FC kwa siku tangu 2018, ilipandishwa mwaka 2025 mpaka 14.500. Kwa siku 26 ilikuwa 377.000 FC, karibu dola 168 kwa kiwango cha 2.250. Weka hiyo juu ya ile kaye ya dola 350, uone inaishia wapi: nyumba ya kupanga na karibu siku 20 za chakula. Kwa hiyo katika mazungumzo na waajiri tunaomba mambo mawili juu ya madeni. La kwanza, mshahara wenye kuandikwa kwa dola uwekewe kiwango cha chini cha kubadilisha, ili dola ikianguka tena mfanyakazi asianguke peke yake. La pili, avance bila faida, mwezi wa tisa kila mwaka, yenye kukatwa polepole kwa miezi sita. Kampuni nyingi ziko na uwezo wake, na wengine wanaitoa tayari kwa makadre.

Majibu hayatakuja mbele ya Noeli. Gratification ya mwisho wa mwaka, kwa wale wenye kuipata, itakuja. Mwenye karti yake kwa lambert aende pamoja na muke wake na shahidi mmoja, alipe mtaji na faida siku moja, achukue karatasi yenye kuandikwa kwamba amemaliza, achukue karti yake mkononi. Na kutoka pale aende moja kwa moja kwa banki kubadilisha code, mbele ya mshahara wa mwezi wa kwanza kuingia.