Namba bila hesabu yake si kipimo

Wasomaji, leo tuweke kando tarakilishi na simu kidogo, tuongee juu ya plazima. La, si zile runinga bapa!

Nazungumzia mkondo wa plazima. Gesi kama heliamu au argoni hupitishwa penye umeme wa masafa ya juu, ikatoka ikiwaka kama ulimi mwembamba wa mwanga usiounguza. Humo oksijeni, naitrojeni na mvuke wa maji huvunjika, zikazaliwa kemikali kali za muda mfupi zinazoua vijidudu. Huko Ulaya, kINPen MED, kifaa cha aina hii, kiliidhinishwa kwa matibabu ya vidonda mwaka 2013. Kwa hivyo kuuliza "mna atomu ngapi?" ni kuuliza dozi ya mgonjwa.

Zinahesabiwaje? Chukua atomu za oksijeni. Zinapigwa leza ya nanomita 226, kila moja inameza fotoni mbili kwa pamoja, kisha inatoa mwanga wa nanomita 845. Mwanga huo unalinganishwa na wa gesi ya zenoni, ambayo kiasi chake kinajulikana. Shida ni kwamba katika kanieneo ya hewa ya kawaida, atomu nyingi hugongwa na jirani zake kabla hazijang'aa. Mwanga huo uliopotea lazima ukadiriwe.

Yaani ile namba ya mwisho haikusomwa kwenye leza. Imepikwa na programu! Badilisha kasi ya migongano, joto la gesi au uwiano wa zenoni, nayo inabadilika.

Maoni yangu: anayechapisha namba achapishe pia data ghafi na msimbo wake. Upande wa vyuma njia imeshaonyeshwa. Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walichapisha maelezo ya COST-Jet, kifaa rejea ambacho maabara yoyote inaweza kukiunda, ili wote wapime kitu kimoja. Programu nazo zifuate.

Najua kuna watakaosema msimbo wao ni mchafu. Wa nani msafi? Msimbo mchafu unaoonekana hurekebishika. Siku uwiano wa zenoni ukipimwa upya, mwenye data na msimbo ataendesha programu yake tena kabla chai haijapoa. Sisi wengine tutabaki kubahatisha, na kidonda cha mtu hakitibiwi kwa kubahatisha.

Wewe waonaje?