Umebandikiwa notisi ya kanjo? Hesabu siku, usihesabu noti



Leo tuongee juu ya ile karatasi. Wengi wenu mnaijua. Kanjo wawili watatu wanaileta, wanaibandika kwenye geti, na pengine ukutani wanachora ile X nyekundu. Inasema vile vyumba viwili ulivyoongeza nyuma ya nyumba ya mzee vimejengwa bila kibali cha kaunti, na unapewa siku kadhaa uvibomoe mwenyewe. Hapo mtaa mzima unageuka kuwa wakili. Jirani anakwambia tafuta mheshimiwa. Binamu anakwambia "ongea nao vizuri", na wewe unajua hayo maongezi ni elfu ngapi. Mwingine anakwambia ipuuze tu, hata ile ya mwaka juzi hawakurudi.

Karibu hakuna anayekwambia kwamba sheria ile ile iliyotumika kukuandikia hiyo karatasi inakupa haki ya kuipinga. Na saa imeshaanza kukimbia.

Sheria yenyewe ni ile ya upangaji na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Kifungu cha 57 kinasema hakuna kujenga bila ruhusa ya kaunti. Kifungu cha 72 ndicho kinachozaa notisi yako. Kisome hicho, kiko mtandaoni bure na si kirefu. Kinasema notisi inaweza kupewa mwenye mali, anayekaa ndani, wakala au anayejenga. Kwa hiyo hata wewe mpangaji uliyekabidhiwa karatasi si mtazamaji tu. Kinasema notisi lazima itaje ni ujenzi gani unaolalamikiwa, unatakiwa ufanye nini, itaanza kufanya kazi tarehe gani na umepewa muda gani. Kisha kinasema hivi: aliyepewa notisi na hakuridhika anaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 tangu alipoipokea, na rufaa hiyo isikilizwe na kuamuliwa ndani ya siku 30.

Rufaa haiendi kwa chifu wala kwa MCA. Inaenda kwa kamati ya kaunti ya mizozo ya upangaji ardhi, ile ambayo mawakili wa mjini wanaiita tu Liaison. Ukishindwa pale, unaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, lakini kwa hoja za kisheria pekee. Maana yake, habari za nani alijenga nini na lini zimalizie kwenye kamati. Huko juu hakuna wa kukusikiliza tena ukianza kusimulia mwanzo.

Sasa utaona vijana wengine wanaruka kamati na kukimbilia Milimani moja kwa moja kwa sababu mahakama inasikika kubwa zaidi. Tangu kesi ya Karume ya mwaka 1992, Mahakama ya Rufaa imeshikilia kwamba sheria ikiweka njia maalum ya kupeleka lalamiko, njia hiyo ndiyo ifuatwe. Kesi ngapi zimetupwa kwa sababu hiyo tu! Mtu ana hoja nzuri, amelipa wakili, anaambiwa umeingilia mlango usio wako. Akirudi kwenye kamati, siku 14 zimeisha zamani. (Mlango wa mahakama upo kama kamati yenyewe haijaundwa. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 93, inasema mizozo ya kabla kamati hazijaundwa inasikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa hiyo uliza City Hall kwa maandishi kama kamati inakaa, na uweke jibu lao.)

Tazama wenzetu wa upande wa pili wa barabara. Wakazi wa Rhapta Road kule Westlands walipochoka na maghorofa yanayoota kila kona, chama chao kilienda mpaka Mahakama ya Mazingira na Ardhi kupinga vibali. Hawakuchoma matairi. Walikuwa na barua, tarehe na michoro. Mimi naona tofauti kubwa kati ya Lavington na Kawangware, ukiacha pesa, ni faili. Kule mtu akipata barua ya kaunti anaifungulia faili. Kwetu tunaitumia kufungia mandazi.

Pesa ya kando nayo tuiseme wazi. Ukimpa afisa elfu kumi aondoke, umenunua nini? Huna risiti. Notisi haijafutwa, iko kwenye daftari lao na tarehe yake. Akihamishwa, anakuja mwingine na bei mpya. Na siku mambo yakifika mbele ya kamati au hakimu, utasema nini, kwamba ulishalipa? Wakati huo huo siku 14 zimepita, na kukaidi notisi ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo. Mimi sioni hesabu ya biashara hapo hata tukiweka dini kando.

Tuje kwenye rufaa yenyewe. Siku unapopokea notisi, ipige picha ikiwa bado getini, simu ionyeshe tarehe. Andika nani aliileta na nani aliipokea. Kama ililetwa Jumatatu tarehe 3, siku yako ya mwisho ni Jumatatu tarehe 17, na wikendi za katikati zimo ndani ya hesabu. Usingoje ile ya mwisho. Halafu angalia ni nani aliyeisaini, kwa sababu si kila X ni ya kaunti. Ikiwa ni ya NEMA kuhusu mto, njia yake ni nyingine na rufaa yake inaenda kwenye baraza la rufaa la mazingira. Ikiwa ni ya mamlaka ya ujenzi, NCA, hao nao wana mambo yao. Watu hupoteza wiki nzima wakilia kwenye ofisi isiyo yao.

Barua ya rufaa haihitaji Kiingereza cha chuo kikuu. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii sawa na Kiingereza, kwa hiyo andika ile unayoimudu. Taja namba ya notisi, tarehe uliyoipokea, namba ya ploti, na useme wazi kwamba unakata rufaa chini ya kifungu cha 72. Kisha toa sababu zako. Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usikimbie.

"Tunaonewa" si sababu ambayo kamati inaweza kuifanyia kazi. Lakini "notisi haisemi ni chumba kipi kati ya sita" ni sababu. "Ploti iliyotajwa si yetu" ni sababu. "Tulipewa siku mbili kubomoa nyumba yenye familia nne" ni sababu, kwa kuwa Ibara ya 47 inataka hatua ya serikali iwe ya haki na ya kiasi, na ukiathirika upewe sababu kwa maandishi. "Kibali tunacho, nakala hii hapa" ni sababu kubwa kuliko zote. Na kuna moja ambayo familia zenye nyumba za zamani huisahau: kifungu cha 72 kinamzungumzia aliyeanza kujenga bila ruhusa baada ya sheria hii kuanza mwaka 2019. Kama vyumba vilijengwa na babu miaka ya themanini, sema hivyo na ulete ushahidi: risiti za kodi ya ardhi, bili za zamani za stima, picha ya harusi ya shangazi yenye ukuta huo nyuma. Haimaanishi babu hakuhitaji kibali, maana sheria za kabla ya hii pia zilikitaka. Inamaanisha kaunti ieleze inatumia sheria ipi dhidi yako.

Omba pia, ndani ya barua hiyo hiyo, ubomoaji usimame mpaka rufaa iamuliwe. Usidhani kupeleka rufaa kunazima tingatinga kwenyewe. Omba kwa maandishi, na wakija kabla ya uamuzi, hapo ndipo wakili akimbilie mahakamani kutafuta amri ya dharura.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Hati ya ardhi si kibali cha kujenga. Ndugu zetu Wanubi wa Kibra walingoja zaidi ya miaka mia moja, miongo mingi bila ruhusa ya kujenga nyumba za kudumu, mpaka mwaka 2017 walipopewa hati ya jumuiya ya ekari 288. Ushindi mkubwa. Lakini hata mwenye hati mkononi akitaka kupandisha ghorofa, anaomba ruhusa kama mtu mwingine. Na ikiwa hati bado ina jina la marehemu, mirathi yenu nendeni nayo kwa Kadhi, ila Kadhi hatoi kibali cha ujenzi. Ni milango miwili tofauti, na kaunti inaweza kukuuliza kuhusu yote miwili.

Sasa sehemu ambayo baadhi yenu hamtaipenda. Kabla hujaandika rufaa, mlete fundi anayejua kazi, si yule aliyejenga, aangalie jengo. Tarehe 23 Septemba 2019 darasa la mbao na mabati liliporomoka Ngando, hapo hapo Dagoretti, shule ya Precious Talent, na watoto wasiopungua 7 hawakurudi nyumbani. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma likaua watu wapatao 50. Lilikuwa limeshawekwa alama ya kubomolewa, na watu waliendelea kulipa kodi ndani yake. Ile X tunayoichukia, mara nyingine ndiyo kitu pekee cha kweli kilichoandikwa kwenye ukuta huo. Kama nguzo imepinda, kama umeweka ghorofa ya tatu juu ya msingi wa nyumba ya chini, usitumie siku 14 kumshinda kanjo. Zitumie kuwahamisha wapangaji. Haki ya jirani yako kutoangukiwa na ukuta ni haki vile vile, na harakati hii haitakusaidia kuipinga hiyo.

Lakini kama jengo ni salama na kilichokosekana ni karatasi, una njia nyingine sambamba na rufaa: tafuta msanifu au mpangaji miji aliyesajiliwa, achore kilichopo, aombe ruhusa ya kukirasimisha. Itagharimu. Ifanyeni kama familia, au kama ploti nzima. Kisha iambie kamati kwamba maombi yameshaingia. Mtu anayeonyesha anarekebisha husikilizwa tofauti na mtu anayeonyesha kifua.

Na tusijidanganye kwamba tingatinga linawajua maskini peke yao. Agosti 2018 liliangusha kituo cha mafuta Kileleshwa na jengo la Ukay pale Westlands. Walioanguka huko walikuwa na akiba na bima. Wewe ukibomolewa, ni vitanda nje kwenye mvua na mtoto amekosa shule. Ndiyo sababu siku zako 14 zina thamani kuliko zao.

Kama huna wakili, Kituo Cha Sheria wamesaidia watu wa mitaa yetu tangu miaka ya sabini, na kuna huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2016. Nenda na karatasi zote, nenda mapema. Wanafunzi wa sheria mlio kwenye ukurasa huu, hii ni kazi yenu pia: kaeni na wazee wa mtaa Jumamosi moja, mwasomee kifungu cha 72 kwa lugha yao.

Chapisha barua nakala tatu. Moja ya kamati, moja ya ofisi iliyotoa notisi, moja yako. Ukifika City Hall Annexe usiondoke mpaka nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Akikwambia "acha tu hapo mezani", mwambie kwa adabu kwamba utangoja.