Waumini Nao Wapewe Maiki

Julai 2020 makanisa yalipofunguliwa tena baada ya corona, masharti yalikuwa makali: watu wasizidi 100, ibada isipite saa moja, na aliye chini ya miaka 13 ama juu ya 58 akae nyumbani. Hawe, yaani nyanya yangu, alikuwa amepita 58 zamani sana. Akabaki Ganze na simu ya binamu yangu, akifuatilia Facebook.

Mimi nilikuwa nimeacha chuo, karo imeniangusha, na nilikuwa nakaa kwa mikisa ya sauti katika kanisa moja hapa Malindi. Siku hiyo watu waliimba kama wametoka kifungoni. Kayamba, vigelegele, mabati yanatetemeka. Jioni nikampigia hawe, nikingoja sifa.

Akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwani watu hawajarudi kanisani? Mbona pasta alikuwa anaongea peke yake?"

Hiyo swali haijaniacha mpaka leo.

Kosa lilikuwa langu. Nilichomeka waya kutoka kwa mikisa moja kwa moja hadi kwa kompyuta ya matangazo. Sasa mikisa inajua tu kile kilicho na maiki: pasta, kinanda, na wale wanne wa sifa mbele. Wale wengine wote waliojibu "Amina" hawakuwa na maiki, kwa hivyo kwa mtu aliye nyumbani hawakuwepo. Sisi ndani ya kanisa hatukugundua, maana masikio yetu yalikuwa yanapata kila kitu bure.

Tembea mitandaoni Jumapili yoyote, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, utakuta makanisa mengi bado yako hapo hapo. Kamera ni safi, taa ni za rangi, lakini sauti ni kavu kama mtu anayehubiri kabatini. Pasta anatania, halafu kimya. Anauliza swali, kimya. Kanisa limejaa lakini linasikika tupu.

Dawa si ghali hivyo. Weka maiki mbili za waumini, moja kila upande, juu kidogo, zikiangalia watu na kuzipa spika mgongo. Zipeleke kwa matangazo peke yake; ukizirudisha kwa spika za ukumbini zitapiga yowe, kila mtu ageuke kukuangalia. Kata mngurumo wa chini ya hezi 100 hivi, maana feni zetu za pwani hazilali. Wakati wa nyimbo zipandishe, wakati wa mahubiri zishushe, lakini usizizime kabisa. Hewa ya ukumbi ikikatika ghafla, msikilizaji hudhani bando limeisha.

Kuna mtego mmoja. Kwenye joto letu sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Maiki iliyo mita 20 kutoka kwa spika itamsikia pasta akiwa amechelewa karibu milisekunde 60. Ukichanganya hiyo na sauti ya waya unapata mwangwi, pasta anasikika kama yuko ndani ya tangi la maji. Kwa hivyo chelewesha sauti ya waya kwa kiasi hicho hicho, zikutane.

Na kama mfuko umetoboka? Funga simu kwenye nguzo katikati ya watu, iweke ikiwa haina laini, irekodi ibada yote. Piga kofi moja kubwa mwanzoni na lingine mwisho, ndiyo upate alama za kuoanisha rekodi mbili baadaye. Haitakusaidia kwa matangazo ya moja kwa moja, lakini kwa kipindi cha kurushwa kesho yake inatosha.

Najua wazee wa kanisa watasema nini: watoto watalia, watu watakohoa, mvua itapiga mabati. Ni kweli. Lakini hawe amesikia watoto wakilia kanisani maisha yake yote. Kwake hiyo si kelele, hiyo ndiyo Jumapili yenyewe.

Pingamizi ninaloliheshimu ni lingine. Maiki haijui siri. Mama anayenong'onezea Mungu habari za ndoa yake hajakubali zifike YouTube. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata bila sheria, adabu tu. Kwa hivyo maiki zisiwe karibu na mtu mmoja, watu waambiwe kwamba zipo, na yanapofika maombi ya mtu binafsi zifungwe.

Kwa nini nashikilia hili jambo? Sisi wa Malindi hatuwezi kuzungumza kuhusu kanisa tukasahau Shakahola, ambako tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Sisemi maiki mbili zingeokoa mtu. Nasema tu kwamba tumejifunza kwa machungu kuogopa mahali ambapo sauti ni moja na wengine wote ni kimya. Matangazo yanayomsikiza pasta pekee yanamzoesha aliye nyumbani kwamba kanisa ni mtu mmoja. Kanisa ni watu. Basi wasikike.

Kijana mwenzangu unayekaa kwa mikisa, mara nyingi bila malipo, Jumapili ijayo vaa hedifoni, geuzia mimbari mgongo, ujiulize: aliye kitandani Ganze, Marafa ama Rabai anasikia nini?

Mimi Jumapili iliyofuata niliazima maiki mbili. Jioni hawe ndiye aliyenipigia, na hakutaja sauti kabisa. Alitaka tu kujua ni nani yule aliyepiga vigelegele kwa nguvu hivyo.