Nyumba ni ya Mwenyewe, Pazia ni Letu

Huku kwetu Ipelele, wilaya ya Makete, mwezi wa sita na wa saba baridi haina mzaha. Kuna asubuhi unakuta majani yamekuwa meupe kwa barafu, na sakafu ya saruji ukiikanyaga peku unaruka. Kwa hiyo tukisema kupamba nyumba, dada zetu wa Unguja na Pemba msidhani tunazungumzia urembo peke yake. Kwetu pazia ni blanketi la nyumba.

Tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule, na kazi yetu ni cherehani. Kwa kushona mapazia tumeingia nyumba nyingi za wapangaji, za walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mbao na wa viazi. Tumeona watu wa aina mbili. Kuna wanaosema "nyumba yenyewe ya mtu, nitapamba nikijenga." Hao wanakaa miaka minane mabegi yakiwa pembeni mwa kitanda, dirisha limezibwa na shuka kuukuu, na watoto wanakua wakidhani nyumbani ni mahali pa kusubiria gari. Halafu kuna wanaohamia leo, kesho fundi yuko juu anapiga jipsamu. Sisi tunaona wote wanakosea, na hilo la pili tumelikosea wenyewe.

Nyumba tuliyokaa kabla ya hii tulipaka rangi ya mafuta sebule nzima, tukajengea makabati ya mbao kwenye ukuta wa jikoni, tukabadilisha na milango ya vyumba. Mwenye nyumba alikuwa akipita anafurahi, "mmeipendezesha kweli wanangu." Kodi ya miezi sita ilipoisha akatuambia nyumba sasa ni nzuri, kwa hiyo na kodi inapanda. Hatukuiweza. Tulipotaka kung'oa makabati akasema ukuta utabomoka, na kusema kweli ungebomoka. Tukaondoka. Hela tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya cherehani ya pili ikabaki kwenye ukuta wa mtu, na hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Tumemlaumu sana, lakini lawama nyingine ni yetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inapoeleza maana ya ardhi inaingiza humo majengo na vitu vilivyojengewa kwa kudumu. Ukishakizamisha kitu kwenye saruji ya mtu, kazi ya kusema ni chako ni ngumu. Tangu hapo tuna kanuni moja: kisichoweza kushuka kwa mchana mmoja bila nyundo, hatukinunui kwa hela yetu, labda iandikwe kwenye mkataba kwamba gharama itakatwa kwenye kodi. Iandikwe kabla fundi hajaja. Maneno ya barazani yanasahaulika.

Na nyinyi wa pwani mnalijua hili kuliko sisi. Vile vidaka vya chokaa kwenye nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe vinabaki na ukuta wake. Mkeka wa ukindu, mito, kanga na sanduku la bibi harusi, hivyo vinabebwa.

Sasa tuje kwenye pazia, maana hapa ndipo wapangaji wanapoteza hela bila kujua. Mteja anakuja na kipimo cha dirisha la nyumba anayoishi, tunamshonea sawasawa, mwaka unaofuata anahamia nyumba yenye madirisha marefu na pazia linaning'inia kama kaptula. Siku hizi mpangaji akija tunamshawishi aachie pindo pana chini, hata sentimita 15 au 20, lishonwe kwa mshono mrefu unaofumuka kirahisi. Akihama anafumua, anapiga pasi, anashusha. Upana tunachukua mara mbili ya dirisha, na badala ya kipande kimoja kikubwa tunashona viwili au vitatu, ili vikagawanywe kwenye madirisha madogo ikibidi. Kwa baridi ya huku tunaweka bitana ya blanketi la mtumba. Tunayafuata Makambako, pale njia panda ya kwenda Songea, mepesi na yasiyo na mashimo. Bitana tunaishika kwa vifungo juu, haishonwi moja kwa moja, ili ivuliwe ifuliwe.

Kutundika hakuhitaji kutoboa. Madirisha mengi yana nondo, na waya wa pazia unafungwa kwenye nondo hizo. Pasipo na nondo, mianzi huku ipo kila bonde. Miwili inasimama kwenye ndoo za mchanga, mmoja unalala juu, na pazia la kugawa sebule limekamilika. Wageni wengine wanacheka. Wakikaa dakika kumi wanauliza ndoo tulizifunikaje. (Kwa kitenge chenye mpira juu, ni kazi ya nusu saa.)

Zulia la plastiki msiligundishe. Gundi inang'oa niru, na hilo shimo utalilipia wewe. Tandika viroba safi au magazeti chini yake kwanza, baridi inapungua na zulia halipasuki haraka. Yale makaratasi ya kubandika ukutani sisi hatuyapendi. Kwenye ukuta wenye unyevu yanadondoka ndani ya wiki, kwenye ukuta mkavu yanaondoka na rangi.

Kuna jambo moja hatulifanyii utani. Pazia zito na jiko la mkaa havikai chumba kimoja. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Tukimkabidhi mteja pazia lenye bitana tunamwambia: jiko libaki nje, hata baridi ikiuma vipi. Ongeza blanketi, valia soksi.

Mwenye nyumba wetu wa sasa ni mama mtu mzima, na yeye tulianza naye vizuri. Tulimwomba misumari minne tu, tukamwonyesha mahali, tukaandika kwenye mkataba kwamba tukitoka tutaziba. Alishangaa kuombwa msumari. Mwezi uliopita tukamwomba chumba cha watoto kipakwe rangi, gharama itoke kwenye kodi ya miezi inayokuja. Hajakataa. Amesema tumpelekee kwanza kopo la rangi aione, maana mpangaji aliyepita alipaka nyeusi.