Nauli ya mwendokasi: kadi au tiketi ya karatasi?

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hasa mnaofuata mzigo Kariakoo kwa mwendokasi, mie nipo upande wa kadi. Na sio kwa sababu ya foleni tu.

Mwendokasi ilipoanza 2016, nauli ya njia kuu ilikuwa 650. Unatoa elfu, unapewa kikaratasi na chenji 350, chenji inaishia kwenye maji na karanga. Jioni ukihesabu mauzo, hela haitimii! Mwenzenu nauli nilikuwa naichomoa kwenye mtaji bila kujua.

Siku hizi Jumatatu naweka nauli ya wiki kwenye kadi, naandika daftarini mara moja: USAFIRI. Ikiisha Alhamisi, najua bei ninayowatoza wateja kupelekewa mzigo iko chini. Napandisha.

Karatasi ina faida yake, sikatai. Ukimtuma kijana mara mojamoja, tiketi ndiyo ushahidi kuwa kapanda basi kweli. Na kama mtaji wako wote ni elfu ishirini, usifungie elfu kumi kwenye kadi, maana hiyo hela huwezi kununulia mzigo. Weka ya siku mbili tu.

Wewe nauli unaitoa wapi, kwenye faida au kwenye mtaji?