Daftari Liko Wazi, Msomaji Hayupo

Juzi dada yangu alinipigia simu. Mwanawe ana ugonjwa wa selimundu, na daktari alimweleza kuwa chanzo chake ni herufi moja iliyobadilika katika jeni. "Kaka, wewe kila siku unakesha na tarakilishi. Hiyo herufi unaweza kunionyesha?" Nikamwambia naweza. Nilijigamba mapema.

Jeni yenyewe inaitwa HBB, nayo iko kwenye kromosomu ya 11. Hebu jaribuni nanyi. Fungua tovuti ya NCBI, kituo cha serikali ya Marekani kinachotunza hifadhidata ya GenBank. Tafuta NM_000518, kisha bonyeza FASTA. Hulipi hata senti, wala huulizwi nywila. Utaona msururu wa A, C, G na T. Ndani yake tafuta ATGGTGCATCTG. Kuanzia hapo hesabu tatu tatu (mstari ukikatika, endelea na unaofuata), na kundi la saba litakuwa GAG. Vitabu vingi huliita la sita, kwa kuwa kile cha kwanza huondolewa protini ikishatengenezwa. Jeni ya selimundu ina GTG mahali pa GAG. A imekuwa T, basi.

Kilichonikesha ni kiburi. Nilitaka kuiona ndani ya kromosomu nzima, herufi kama milioni 135, faili ndogo kuliko filamu. Programu yangu ikatafuta, ikarudi mikono mitupu. Kosa la kwanza: sikuondoa alama za mwisho wa mstari. La pili: DNA ina nyuzi mbili, na HBB husomwa kwenye uzi wa pili, kinyumenyume, A ikiwa T na C ikiwa G. Nilipogeuza herufi, nikaipata. Ilikuwa saa tisa usiku.

Sasa neno langu. Tafuta rs334, jina la badiliko hilo, kwenye tovuti ya Ensembl, ufungue takwimu za jamii mbalimbali. Utakuta alama LWK, yaani Waluhya wa Webuye. Wamo katika 1000 Genomes, mradi uliokamilika 2015 ukiwa na watu 2,504 kutoka jamii 26. Walikubali kutoa damu, majina yao hayakuandikwa, na herufi zao zinapakuliwa bure na yeyote duniani. Wanaprogramu wenzangu ninaowajua hapa nchini, sijapata hata mmoja aliyewahi kuzifungua. Tunagombania kuunda programu za kuuza bidhaa, na za Webuye tumewaachia wengine wazisome.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, tena liko wazi. Kilichokosekana ni sisi kulifungua.

Nisieleweke vibaya: hifadhidata haipimi mtu. Ukitaka kujua yako, nenda maabara. Na mpwa wangu hakupona kwa sababu mjomba wake ameiona herufi. Lakini dada alipoitazama ile T kwenye skrini, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe si laana." Kwa neno hilo tu, ule usiku haukupotea.

Fungueni. Mkikwama, niulizeni, pengine nimeshakwama hapo hapo.